Mapafu ya Vibofu vya Mbuzi

Enzi zetu pale Kilosa, wenzangu mliokunywa uji wa shule kwa vikombe vya bati, sikukuu ya kuchinja ilikuwa na ugomvi wake. Wakubwa waligawana nyama, sisi tuligombea vibofu. Kibofu cha mbuzi ukikisafisha, ukakipuliza na kukifunga uzi, umepata mpira wa kuchezea hadi jioni. Watoto wa leo mpira ukipasuka wananuna mpaka wanunuliwe mwingine. Sisi tulingoja mbuzi.

Mwaka mmoja Mwalimu Rashidi, aliyetufundisha sayansi, alituomba vibofu viwili. Wavulana walinuna kama waliofiwa. Alisema nchi inajitegemea, basi na maabara ijitegemee, kwani shule yetu ya kijiji cha ujamaa haikuwa na kifaa hata kimoja. Tukaanza kutengeneza mapafu.

Chupa tuliikata kitako kwa uzi uliolowa mafuta ya taa. Unaufunga, unauwasha, halafu chupa unaitumbukiza kwenye maji baridi. Zilivunjika nyingi kabla moja haijakubali. Kizibo kilikuwa gunzi lililozibwa kwa nta, likapitishwa mabua mawili membamba ya majani ya papai, kila bua na kibofu chake ndani ya chupa. Chini tuliwamba kipande cha tyubu ya baiskeli ya Mwalimu mwenyewe, naye akawa anakuja shule kwa miguu bila kulalamika.

Siku ya kwanza tulivuta ule mpira wa tyubu, vibofu havikutikisika. Tulikuwa tumevianika juani kama ngozi ya ngoma, vikakakamaa. Tukavilainisha kwa mafuta ya alizeti, tukavuta tena, vikajaa. Darasa zima lilicheka mpaka Mwalimu naye akacheka.

Mimi sikucheka sana. Nyumbani bibi yangu mzaa mama alikuwa na pumu, na masika yale alikuwa akihema kwa shida hata akiwa amekaa. Aliamini jirani yetu, Mama Zuhura, ndiye aliyemfunga kifua. Hawakusalimiana tena. Hospitali hakutaka kuisikia, akisema dawa ya mzungu haifungui fundo la mtu. Niliogopa kweli kwamba angekufa.

Nikaiomba chupa kwa Mwalimu. Akanipa, akaniambia nitie mabua mapya ya papai, maana ya zamani yalianza kunyauka. Nilimwamkia bibi, nikakaa mkekani nikamwonyesha. Alipoambiwa ni vibofu, alicheka hadi akakohoa. Akauliza ni mwalimu gani anayeweka mfuko wa mkojo mahali pa pumzi.

Nikamwomba ayabane mabua kwa vidole vyake. Nikavuta mpira. Vibofu vikalala vilevile. Akaachia, nikavuta, vikajaa. Akabana tena, mwenyewe, bila kuambiwa. Alirudia mara nyingi, akitazama vidole vyake.

"Kumbe njia ndiyo imebana," alisema. "Hakuna aliyenifunga."

Kesho yake asubuhi alijitanda khanga, akapita kwanza kwa Mama Zuhura. Sikusikia walichoongea, ila walitoka pamoja, Mama Zuhura amemshika mkono, wakaenda hospitali. Bibi alirudi na vidonge, akaishi hadi kumbeba mwanangu wa kwanza. Kila nikikumbuka namshukuru Mungu, namshukuru Mwalimu na tyubu yake, na wale wavulana walionuna.

Sasa pumu imehamia kwangu. Juzi mjukuu wangu anayesoma Morogoro alinionyesha mapafu kwenye simu, yana rangi, yanazunguka, yanahema yenyewe. "Bibi, cheki," akasema, na ni mazuri kweli. Nikamuuliza mahali pa kubana ni wapi. Akagusa kioo, picha ikawa kubwa zaidi.

Nilimshukuru kwa dhati, maana amenijali. Lakini vidole vyangu vilikuwa vinalitafuta bua la papai.