Kamusi Niliyoihifadhi Kama Katekisimu

Ilianza Jumanne, saa tatu asubuhi, misheni kwetu chini ya Mlima Meru. Askari wa boma la Wajerumani walimleta Mwingereza anayechechemea. Alionyesha buti lake na kutaja neno moja, "ankle". Bibi muuguzi ni Mdenmaki, Kiingereza hakijui, na kamusi yake ya Kiingereza kwa Kidenmaki alikuwa ameniazima mimi. Nilikuwa nimeiacha nyumbani, ng'ambo ya mto.

"Mwalimu," nikasema, mimi nisiyesema kitu, "kamusi ninayo kichwani."

Mwalimu Lazaro wa shule ya misheni akafurahi. "Haya binti, ukiweza hili, Jumatatu nakupa watoto uwafundishe."

Shida ni kwamba niliihifadhi kama katekisimu: neno na maana yake, kisha jirani yake na maana yake, bila kuruka. Nikianzia katikati, sikumbuki kitu. Basi nikafumba macho, nikaanza neno la kwanza la A, nikapita moja moja, nikijiona mchungaji kabisa.

Nikafika. "Kifundo cha mguu!" nikapaza sauti kwa Kidenmaki, nikafumbua macho.

Buti lilikuwa limeshavuliwa na mguu umefungwa kitambaa. Mgonjwa na Bibi walikuwa wanakunywa chai.

"Pole, mwanangu," Bibi akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Tuliona mguu umevimba."

Darasa zima lilikuwa limejazana dirishani. "Endelea, dada!" mmoja akapiga kelele. "B inakungoja!"

Asubuhi yake nilikwenda kwa mwalimu, macho chini. "Shikamoo, mwalimu. Naomba unipe wale wanaojifunza a, be, che. Kwao kuanza mwanzo si kosa."