Maji ya Chuo Hayapoi

Heri niseme mwenyewe kabla wanafunzi wangu hawajanisemea. Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Kasulu isiyo na maabara. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilituruhusu kutumia maabara yake kwa intaneti. Unabofya huku, maji yanachemka kule, na mtandao ukikubali kamera inakuonyesha kila kitu. Siku moja wajumbe wa bodi ya shule walikuja kuamua kama mpango huo una maana, nami nikavaa tai.

Somo lilikuwa kupoa kwa maji. Kipimajoto kilisoma nyuzi themanini. Baada ya dakika tano, themanini. Baada ya dakika ishirini, themanini vilevile.

"Mwalimu, mbona hayapoi?" aliuliza Neema, aliyekaa mbele.

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilimweleza kwamba vyombo vya chuo kikuu havipotezi joto ovyo kama sufuria za kwao. Nikaamuru wachore grafu. Wakachora mstari ulionyooka kabisa, nami nikausifu mbele ya wageni.

Mjumbe mmoja, mzee mkulima wa Kagerankanda, alisogea hadi kwenye kompyuta. Akamtazama kwa muda fundi wa maabara aliyeonekana kwenye skrini, nyuma ya kipimajoto.

"Mwalimu, mambo ya maji siyajui," akasema taratibu. "Lakini huyu bwana ameweka kikombe mdomoni tangu tulipoingia, na mpaka sasa hajameza."