Marahaba Zilizobaki Barazani

Nakumbuka siku babu yangu alipokuja ukumbini, nikadhani amekuja kunitoa kwenye taekwondo. Tangu ulipoingia hapa, mwanangu, ukaniambia kwamba wiki ijayo una semina ya Mkorea, siku hiyo imekataa kunitoka kichwani. Umenitupia shikamoo huku unavua kandambili, macho kwenye simu, kisha hukungoja hata nijibu. Kaa hapo. Nitakueleza unayotaka kuyajua juu ya semina, lakini kwa njia yangu, na njia yangu ina kona.

Unaniona hivi, goti limegoma, nikitaka kuinuka mpaka nimtaje Mola kwanza. Zamani mguu huu ulikuwa unafika juu ya kilemba cha mtu. Usicheke. Waulize wa rika langu waliobaki Usagara, mtaa wetu wa zamani mjini Tanga, watakwambia.

Baba yangu alifariki ningali mdogo, mama akaolewa Maramba, nami nikaachwa mjini kwa babu ili nisome. Babu Athumani alikuwa fundi wa kanzu, mzaliwa wa Kigombe, na miaka yote aliyokaa mjini hakuiacha lafudhi ya kwao. Cherehani yake ilikuwa barazani, na sauti yake ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba yetu. Ilianza baada ya alfajiri ikanyamaza kwa adhana. Aliniita mke wangu, kama mababu wa pwani wanavyowatania wajukuu zao wa kike. Alinipenda, nami nilijua, na mtoto akijua kuwa anapendwa huanza kupitapita bila kuangalia anapokanyaga.

Taekwondo tulifundishwa na Mwalimu Kombo, Mpemba mwembamba aliyejifunza mchezo huo Dar es Salaam. Hatukuwa na haya magodoro yenu ya rangi. Tulitandika mikeka ya ukili, juu yake turubai, na ukianguka vibaya ulirudi nyumbani na alama za ukili mgongoni. Wasichana tulikuwa wachache. Babu hakunikataza. Suruali yangu ilipochanika kwa teke, aliishona yeye mwenyewe, akaongeza kitambaa katikati ili nipate nafasi, akasema, "Kama wataka kurusha miguu, rusha, ila stara iwepo."

Basi siku moja Mwalimu Kombo akatuambia kwamba Mkorea mmoja, bingwa wa kufundisha, anakuja Tanga kuendesha semina. Mwisho wake atatahini mikanda. Mimi nilikuwa na mkanda mwekundu, na baada ya mwekundu ni mweusi. Mwanangu, sikulala vizuri tena. Nilipiga mateke uani mpaka kuku wakahama. Mtahini kutoka Korea hakuwa akija kila mwaka, na nikiikosa nafasi ile sikujua nitaipata lini nyingine.

Ijumaa yake babu alirudi msikitini, akaketi kwenye cherehani, akaiendesha kidogo, kisha ikanyamaza. Haukuwa wakati wa adhana. Nikachungulia.

"Mke wangu," akasema, "nimeambiwa kule mwalimu wenu mwamrukuia. Na Mkorea akija mtamrukuia yeye. Ni kweli?"

Sikuweza kukana, kwa sababu kuinama tulikuwa tunainama. Ndiyo desturi ya mchezo wenyewe, wewe unaijua. Unainamia bendera, unamwinamia mwalimu, unamwinamia mwenzio kabla hujampiga na baada ya kumpiga. Mimi nilikuwa nafanya kama ninavyofunga mkanda, wala sikuwahi kuiwaza rukuu, kule kuinama kwa sala.

"Kesho nakuja kutazama," babu akasema. "Miye sihukumu kwa ya kuambiwa."

Akaja kweli, na kanzu yake ya Ijumaa, kofia, na bakora. Mlangoni akaona viatu vimepangwa safu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, naye akavua vyake. Akaketi kwenye benchi. Nilijua anachokitafuta, na nilijua atakiona, kwa sababu Mwalimu Kombo hakubadilisha kitu. Tulipanga mistari, amri ya Kikorea ikatoka, migongo yote ikapinda, wangu ukiwemo. Nikasema moyoni, basi, kwaheri mkanda mweusi.

Mafunzo yalipokwisha, Mwalimu Kombo akamfuata babu, akampa shikamoo kwa mikono miwili.

"Mzee, ile ni heshima tu, si ibada," akasema. "Mie mwenyewe nasali, wallahi singewafundisha watoto shirki."

"Nakuamini," babu akamjibu. "Niite yule wangu."

Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya rukuu, hata machozi nilishayaweka tayari. Babu akanitazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kabla hajakikata.

"Nimekuona," akasema. "Mwalimu aliposimama mbele yako, weye miguu pamoja, mikono ubavuni, macho chini, hata pumzi umeizuia. Yule binti uliyepigana naye umempa vivyo hivyo. Umempa mtu wa kumpiga teke heshima kamili. Sasa niambie, mke wangu, miye babu yako wanisalimu vipi?"

Asubuhi ile nilipita barazani mbio, mkoba begani, nikaipaza shikamoo nikiwa nimeshafika kwenye kona ya jirani.

"Sikuulizi ili uone haya," akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Kila siku waipiga shikamoo ukiwa umenipa mgongo. Nami nikijibu, hakuna wa kuipokea. Marahaba zangu zote zimebaki pale barazani, pamoja na vipande vya vitambaa."

Mwanangu, nimepigwa mateke ya mbavu mengi maishani, na hakuna lililofika hapo. Wahenga wamesema heshima ni kitu cha bure, nami kile cha bure nilikuwa nakwenda kumpa mgeni na kumnyima mwenye nyumba.

Kisha akatoa hukumu yake, na Mwalimu Kombo akiwa anasikiliza. Mgongo, alisema, ni wa Mola, nao hautapinda kwa mtu. Mkorea akija niweke mkono kifuani na niteremshe macho, kama tunavyowapokea wageni sisi watu wa pwani. Akikubali, niendelee. Akikataa, nitoke ukumbini kwa adabu, nirudi nyumbani, na habari ya mkanda iishie hapo.

"Na heshima unayowapa huku," akamalizia, "uanze kwanza kunipa miye."

Mwalimu Kombo alinivuta pembeni, uso umemsinyaa. "Mie n'tamwambia mgeni kabla," akasema, "lakini sikuahidi kitu. Wao salamu kwao kitu kikubwa. Akiona umebaki wima anaweza kudhani wamdharau, na asikutahini kabisa."

Tangu hapo, kila nilipotoka na kila niliporudi, nilisimama barazani. Miguu pamoja, mkono kifuani, macho chini. "Shikamoo, babu." Naye alisimamisha cherehani, akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa, ndipo akajibu: "Marahaba, mke wangu. Hujambo?" Mwanzoni nilifanya kwa kuogopa kunyimwa ruhusa, sikufichi. Baadaye nikaanza kuona mambo ambayo nilikuwa nayapita tu. Niliona jicho lake la kushoto linalowa akivua miwani. Niliona vidole vimeanza kutetemeka, na kwamba akijibu huwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa linangoja tangu asubuhi. Yote hayo yalikuwepo kitambo, na mimi nilikuwa nayapita mbio.

Semina ikafika. Mkorea alikuwa mtu mfupi, mzee kuliko tulivyomtarajia, nywele nyeupe, asiyecheka. Watu walikuja kutoka Dar na Moshi, ukumbi ukajaa. Mwalimu Kombo hakupata nafasi ya kumweleza chochote, maana mgeni aliingia moja kwa moja kama mtu aliyechelewa kazini. Tukapanga mistari. Amri ikatoka. Ukumbi mzima ukashuka, nami nikabaki wima peke yangu, mkono kifuani. Nilisikia moyo wangu unagonga kwenye kiganja. Mgeni aliponiona, akaja.

Akasimama mbele yangu, akasema maneno mafupi. Mkalimani aliyekuja naye kutoka Dar akaniuliza kwa ukali kidogo kwa nini sikuinama. Nikasema kwamba babu yangu amenifundisha kuwa mgongo ni wa Mungu, na wageni sisi huwapa mkono wa moyo. Nikasema pia kwamba asipokubali nitatoka, na simwoni mbaya.

Mkalimani akamtafsiria. Nikaanza kuiaga ile mikeka. Kisha mzee yule akauliza kitu kimoja.

"Anauliza huyo babu yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anauliza, naye unamsalimu hivyohivyo?"

Mwanangu, swali hilo angeniuliza mwezi mmoja kabla, ningekwisha palepale. Nikamtazama Mwalimu Kombo nyuma yake, naye akateremsha kichwa kuniashiria nijibu. Nikasema, "Ndiyo. Leo asubuhi nimemsalimu hivi."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akanionyesha kwa kidole nibaki kwenye mstari, akaendelea na wengine. Basi, hayo tu. Siku zote za semina hakunionea huruma hata chembe. Alinirudisha mwanzo kila nilipokosea, akanisahihisha kisigino kwa fimbo, na nikidhani nimefanya vizuri aliniambia, "Tena." Kwenye mapambano ya mtihani nilipangwa na binti wa Dar mwenye miguu mirefu, akanishinda kwa pointi, na mbavu zikaniuma mpaka Maulidi. Lakini mbao nilizivunja, mfululizo wa mapigo niliumaliza bila kukosea, na jina langu likasomwa. Mkorea mwenyewe alinifunga mkanda mweusi kiunoni. Mimi nikaweka mkono kifuani, yeye akainama kwa desturi ya kwao, kila mtu kwa mila yake, na hapakuharibika kitu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili watu wauone mkanda. Ujana, mwanangu. Babu alikuwa barazani. Nikavua viatu, nikasimama, nikamsalimu. Cherehani ikanyamaza, miwani ikavuliwa, marahaba ikaja nzima. Kisha akaushika ule mkanda, akaugeuza, akaupitisha kati ya vidole.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Ila uzi wameubana mno." Akageuza uso upande wa ukuta, nikajua analia.

Baada ya hapo nilikwenda mashindano mengi, Dar, Arusha, Mombasa. Nimeshinda, nimeshindwa, nimeng'olewa jino. Semina nazo nimehudhuria nyingi. Nilikuwa Mombasa kwenye mashindano nilipoletewa habari kwamba babu amepata kiharusi.

Nilifika Usagara nyumba imejaa watu. Shangazi yangu, dada yake baba, akanipokea mlangoni akilia. "Hasemi," akaniambia, "wala hatambui mtu. Usijisumbue kumwita." Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Nikaingia chumbani. Alikuwa amelala chali, mdomo umepinda, mkono wa kulia umekufa, macho yameelekea darini.

Sikumwita. Nilivua viatu, nikasimama pale pa kuonekana, miguu pamoja, mkono kifuani, macho chini. "Shikamoo, babu."

Nikangoja. Hiyo ndiyo kazi aliyonifundisha, kungoja. Shangazi akanishika bega anitoe, nikakataa. Nikangoja mpaka nikasikia shuka inachakacha. Mkono wa kushoto ulikuwa unatambaa, polepole, unapumzika, unatambaa tena, mpaka ukafika kifuani kwake, ukatulia.

Shangazi akapiga kelele kuwaita watu. Mimi nikapiga magoti kando ya kitanda nikalia kama mtoto mchanga. Nimevishwa nishani, nimepigiwa makofi na kumbi nzima, na sijapokea kitu kikubwa kuliko ile marahaba. Alitutoka kabla Ijumaa haijafika. Mungu amlaze pema.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu umeshaiona, lakini wazee hatuachi jambo bila kulisema. Kwenye semina nenda na kucha fupi, kula mapema, ukisahihishwa usijibu. Mkanda utaupata au utaukosa; mvumilivu hula mbivu. Imani yako usiifiche kwa mgeni, na usiitumie kumdharau. Mwambie mgeni ukweli wako kwa adabu, kisha uwe tayari kutoka mlangoni. Lakini heshima usiiweke akiba kwa ajili ya wenye mikanda. Anza nayo nyumbani, kwa yule aliyekushonea suruali. Shikamoo si kitu cha kurusha kama ganda la chungwa. Ikishatoka mdomoni mwako, simama upokee jibu lake, maana anayekujibu anakupa kitu, na hujui amebakiza vingapi.

Mola akupe afya ya viungo na macho ya kuona waliokaa barazani. Akufikishe unakokwenda na akurudishe ukiwakuta wote wazima. Na siku utakapokuwa umekaa wewe, goti limegoma, akujaalie mtoto wa kusimama mbele yako.

Haya, inuka. Simu iache hapo kwenye mkeka. Rudi mlangoni, uingie upya. Marahaba yako ninayo hapa, nimekushikia.