Mwanya Kwenye Uzio wa Bibi

Sikwenda Kabuku kutazama mashine, rafiki yangu. Nilikwenda kumzika shangazi, na siku ya tatu nikasikia muungurumo kwenye shamba lililokuwa la bibi. Mashine ya kuvunia mbegu za majani ya malisho ilikuwa ikichana masuke taratibu na kuzifyonza mbegu ndani ya sanduku, turubai limefungwa chini yake kudaka zinazoponyoka.

"Shikamoo, mama," alisema dereva. "Siku hizi mbegu haimwagiki. Nimeipunguzia kasi makusudi."

Nilimwitikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kona ya shamba, karibu na njia ya kisimani.

Enzi zetu mbegu hiyo ilitutesa. Ikishakomaa, upepo ukipita tu inapukutika. Kwa hiyo bibi alituamsha alfajiri, umande ungali mzito, tukakata masuke kwa mundu huku tumebana pumzi, kisha tukayapura kwa fimbo mpaka viganja vikachubuka. Nyumba nzima ilinukia majani mabichi na chai ya mchaichai. Tukimaliza, bibi alilowesha kiganja, akakibandika ardhini, akatazama mbegu zilizonata. Zikiwa nyingi, fimbo zile zile zilihamia migongoni mwetu.

Jirani yetu mfugaji alituletea maziwa kwenye kibuyu kila asubuhi, na bibi akampa majani yaliyobaki baada ya kupura. Sikuwahi kuwasikia wakigombana.

Nilikuwa na miaka tisa. Jioni ya kuamkia mavuno nilitoka kisimani na ndoo kichwani, na uvivu ukanishika. Badala ya kuzunguka hadi langoni, nilivuta tawi la miiba la uzio pale konani, nikapenya, nikaliacha chini. Alfajiri jirani alikuwa akiwapitisha ng'ombe kwenda bwawani. Tulipofika, walikuwa wameshaingia, shamba limelala, naye anawafukuza kwa kelele. Bibi alipiga ukunga. Majirani wengine wakaja na kuokota fimbo zetu za kupuria.

"Umelisha makusudi!"

"Nimekuta wazi! Mama, naapa, nimekuta wazi!"

Alikuwa akimwapia bibi. Lakini alikuwa akinitazama mimi fimbo ya kwanza ilipompasua mdomo. Walimpiga kama tulivyopura masuke, kwa zamu, mpaka mkono ukaning'inia na jicho la kushoto likapasuka. Nilifungua mdomo niseme. Nikaziona fimbo, nikaufunga.

Walipochoka, bibi alipiga magoti pale pale na, nadhani kwa mazoea tu, akakibandika kiganja chini. Kilitoka na mbegu na damu. Akakifuta kwenye kanga, akakifuta, akakifuta tena.

Jirani alipona, bila jicho lile. Alipopata nguvu tu, alivunja boma lake akahama na watoto wake wote, na hatukunywa tena maziwa yale. Bibi alikufa akiamini rafiki yake alimdhulumu. Ninajionea aibu mpaka leo.

Dereva alizima mashine aliponiona nimepiga magoti nyuma yake. Nililowesha kiganja, nikakibandika ardhini. Zilinata mbegu mbili tu. Bibi angefurahi.

"Ni mimi niliyeacha uzio wazi," nikamwambia, nikimwonyesha ile kona. Sikuwahi kumwambia mtu.

Alitazama nilipoonyesha, kisha akanitazama mimi.

"Pale hakuna uzio, mama," alisema kwa upole.