Thelathini Niliyoigeuza Themanini

Baba aliponunua lile gari la mtumba kutoka Japani, nyumba yetu ya mtaa wa Skuta ilipata mtu wa tano, tena mwenye mdomo. Lilizungumza Kijapani. Siku ya kwanza lilipofungua kinywa, nyanya aliyeketi nyuma aliitikia, "Amina."

Baba alipenda zaidi ile kamera iliyo juu ya kioo cha mbele. Ikiona duara jekundu kando ya barabara, inachungulia namba ya kikomo cha mwendo iliyo ndani, inailinganisha na zile ilizofunzwa, kisha inaiandika kubwa kwenye dashibodi. Kama namba ni ya uongo, haijui. Inajua umbo tu. Hayo niliyasoma kwenye simu, na akili yangu mbovu ikaamka.

"Hii gari inasoma kukuliko," baba alinitania kila asubuhi akinipeleka shule. "Ati wewe ulipata D ya fizikia. Yenyewe haijawahi kukosa."

Nikasema moyoni, tutaona.

Njiani kuna shule ya msingi. Kibao chake cha chuma kiliibwa kitambo kikaishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa hivyo wazazi walichanga, seremala akakata ubao, mwalimu akachora duara na 30. Kamera ilikisoma hicho pia bila shida. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda na tepu nyeusi ya fundi wa stima. Vipande viwili, tatu ikawa nane. Tepu ilikunjamana vibaya, mtu yeyote angejua ni utoto. Nilitaka gari liseme themanini, baba atazame ubao, tucheke, nimwambie gari lake nalo limepata D.

Jumatatu dashibodi ikaandika 80. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka. Baba akakanyaga mafuta.

"Baba!"

"Nini? Si wameongeza."

"Hapo ni shule! Breki!"

Watoto wawili wa sweta za kijani walikuwa katikati ya barabara, mkubwa akimvuta mdogo. Magurudumu yakalia, gari likayumba, likatumbukia mtaroni. Kiatu cha mdogo kilimvuka hatua moja kutoka bampa. Alirudi kukiokota, dadake akamzaba kofi, wakakimbia.

Baba hakuachilia usukani. "Wametoka wapi hao?"

"Baba, ni mimi nilibandika tepu kwa kibao. Nilikuwa nacheza."

"Tepu gani?"

Aligeuka, akakodoa macho. Kibao kilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kukipiga kwa jiwe. Ncha ya tepu ilikuwa inapepea. Hakuiona.

Nikainua mkono. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Usinichezee, kijana."

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nacheza.

"Tangu mwaka jana," akasema baadaye, sauti chini. "Gari ndiyo inanisomea. Mamako asijue. Nikiacha kuendesha, nani atampeleka nyanyako kliniki?"

Nilibandua tepu. Jioni nikamkuta mama akimenya viazi, nikamwambia yote. Alingoja nicheke, kwa sababu nimemdanganya mara nyingi. Sikucheka. Akapangusa mikono, akaenda kuchukua ufunguo wa gari mfukoni mwa koti la baba.

Siku ya kliniki nilimshika nyanya mkono tukapanda kilima kuelekea steji ya matatu, tukisimama kila baada ya nyumba tatu ili apumue. Nilipogeuka, baba alikuwa ameketi ndani ya gari lililozimwa, ametazama upande wetu. Nikampungia. Hakunipungia, na sijui kama ni hasira au hakuniona.