Fungu la Mdogo Wangu

Jumamosi asubuhi nasoma Maria. Ndivyo ninavyowajibu watu wakiniuliza, na wakicheka nawaacha wacheke. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeshavuka hamsini, na nimejiandikisha kwa hiari yangu mwenyewe kwenye kozi ya teolojia ya Bikira Maria. Darasani wengi ni makatekista na watawa vijana. Nakaa mbele kabisa, nauliza maswali mpaka sista anayetufundisha anavua miwani na kusema, "Haya mama, tumpe na mwingine nafasi."

Chanzo ni mdogo wangu. Alipookoka alianza kuniambia kwamba sisi Wakatoliki tunaabudu sanamu, na mimi sikuwa na jibu zaidi ya kupandisha sauti. Hilo liliniuma. Haiwezekani nisali kitu maisha yangu yote halafu nishindwe kukieleza mezani! Sasa naweza. Najua tofauti ya kumwabudu Mungu na kumheshimu mama yake. Najua kwa nini Kanisa linamwita Mama wa Mungu, na kwamba yote yanayosemwa juu ya Maria yanaanzia kwa Mwanae, la sivyo hayana pa kuanzia. Niamshe usingizini, nitakueleza.

Tulikulia Naguru, kwenye nyumba za polisi, maana baba alikuwa askari. Pale kila mlango ulikuwa na kabila lake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea, na rozari tuliisali kwa Kiswahili. Sisi tulikuwa watoto watano na rozari ina mafungu matano, basi mama akatugawia, kila mtoto akaongoza lake. La tatu, kuzaliwa kwa Yesu, likawa la huyu mdogo wangu. Alipookoka, tuliobaki tulitaka mmoja wetu alichukue. Mama akakataa katakata. Tangu hapo akifika la tatu ananyamaza, anaziacha punje zilale mkononi, kisha anaendelea na la nne.

"Mama, hiyo si rozari kamili," nilimwambia mara nyingi.

"Itakamilika mwenyewe akirudi," ananijibu, na mazungumzo yameisha.

Siku hizi mama anaishi kwa mdogo wangu huyohuyo, mtaa wa Kansanga, kwa sababu miguu imechoka na macho hayasomi tena. Mdogo wangu anamtunza vizuri, sitamnyima haki yake. Lakini watu wa kanisa lake hukusanyika sebuleni kwake, na juzijuzi alimwomba mama asisali tena rozari kwa sauti mle ndani. Mama hakubishana. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akasema anarudi Naguru kupanga chumba. Peke yake, bambi, maskini mama yangu, na miguu ile! Mdogo wangu akanipigia simu nikiwa darasani.

Nilitoka moja kwa moja, nikachukua boda hadi kwake. Nikamkuta mama kwenye kochi, viatu amevaa, mzigo uko karibu naye.

"Nani amekwambia tunamwabudu?" nikamvaa mdogo wangu hata kabla ya chai. Nikaichukua Biblia yake mwenyewe nikamfungulia: malaika anamsalimia Maria, Elizabeti anamwita mbarikiwa, na Maria anasema vizazi vyote vitamwita heri. "Sasa wewe ni wa kizazi gani ambacho hakimo?" Akaleta mstari, nikaleta wangu. Akaleta mwingine, nikaukalia. Nilimshinda vibaya sana.

Mama ndiye aliyenigeukia. "We mtoto, nani amekutuma uje umshinde mwanangu?"

"Mama, si anakukataza kusali?"

"Ananikataza. Na wewe sasa umemfanya akaze shingo. Nishike mkono, niondoke."

Hoja zangu zilikuwa sahihi na bado ni sahihi, sifuti hata moja. Lakini mama alikuwa anasimama kweli, na mdogo wangu hakunyoosha mkono kumzuia. Nikaogopa. Angetoka pale siku ile, wale wawili wasingerudiana tena, nawajua wote kwa ukaidi. Ndipo nikashika neno alilotufundisha sista asubuhi ileile, kwamba rozari ni Injili tunayoisikiliza tukiwa tumekaa karibu na mama yake Yesu.

Nikamwomba mama akae, tusali kwanza ndipo aende. Jumamosi ni matendo ya furaha. Kisha nikamwambia mdogo wangu, "Salamu Maria sikuombi. Tukifika la tatu, wewe tusomee Luka. Biblia ni yako, nyumba ni yako. Kuna ubaya gani hapo?"

Akaichukua Biblia yake mkononi mwangu. "Luka nitasoma," akasema. "Luka tu."

"Kale, sawa. Luka tu."

Mafungu mawili ya kwanza tulisali mimi na mama, kwa sauti, na hakuna aliyetuzuia. Tulipofika la tatu mama alinyamaza kama kawaida yake, na mdogo wangu akaanza: amri ya Kaisari, safari ya Betlehemu, kukosa nafasi. Anasoma vizuri, hilo walokole wamemnoa na nawashukuru. Mara nikaona kidole gumba cha mama kinasogea. Kila mwanawe akivuta pumzi, punje moja inapita. Machozi yakanitoka, sikujisumbua kuyafuta.

Akafika pale Maria anapoyaweka mambo hayo yote moyoni mwake na kuyatafakari. Akakwama, kidole juu ya mstari.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "kweli utaniacha?"

"Soma," mama akamwambia. "Huko Naguru nani atanisomea?"