Mlima Niliouuza kwa Vipande

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilikuwa na haki ya kusema. Mutu aliyeacha shule darasa la tano, akabeba magunia ya maharagwe mgongoni sokoni Kirumba, akanunua pikipiki, kisha malori mawili yaliyo yake bila deni la mutu, huyo ameona mengi. Niliwahi kukwama siku kumi na moja ndani ya matope hadi nyanya zote zikaoza. Sikushangaa. Nilinunua nyanya zingine.

Mlima wa Bulengera niliununua kwa jasho hilo. Wakati ule ulikuwa nje ya mji, na wafanyabiashara wenzangu walinicheka: unanunua mikaratusi na ndege? Niliwaacha wacheke. Chini ya mteremko nilipanda migomba, nikamjengea mama nyumba. Alipokufa nilimzika hapo hapo migombani, kama tunavyofanya kwetu, karibu na mlango wake, asiende kulala kati ya watu asiowajua. Nikazungushia kaburi miti ya mpaka, ile ambayo kwetu ikishasimama hakuna anayeivuka, hata kama huna karatasi. Nilidhani inatosha. Na kweli watu waliiheshimu.

Kisha mji ukaja. Redioni nasikia miji ya dunia nzima inafura, wanaozungumza wanasema ni maendeleo. Mimi niliuona mji ukija kwa miguu, godoro kichwani. Walitoka upande wa Beni, upande wa Mutwanga, vijiji vya Lubero ambako, kwa ajili ya vita, mutu anaogopa kwenda kuvuna mihogo yake mwenyewe. Wenye pesa nao walihamisha pesa zao huku. Wote walitaka parsele ya kujenga, nami nilikuwa na mlima. Niliukata kwa vipande vya mita kumi na tano kwa ishirini. Mikaratusi niliiuza pia, mti kwa mti, mpaka mlima ukabaki kichwa kilichonyolewa. Wale walionicheka walikuja kunisalimia kwa mikono miwili.

Kila mutu alipandisha mabati yake. Kila bati linamwaga maji kwa jirani wa chini, na jirani naye kwa wake. Mwaka wa kwanza maji yalichimba mfereji ambao kuku anauruka. Mwaka juzi ulikuwa korongo, ukaingia migombani. Msimu wa mvua uliopita nilikuta mti mmoja wa mpaka umelala, mizizi juu. Kutoka ukingo wa lile korongo hadi kichwani kwa mama zilibaki hatua saba. Nilizipima mara mbili.

Nikaenda kwenye bureau ya kata. Yule mwenye muhuri alinisikiliza huku akipanga karatasi.

"Papa, fasi ile ya kaburi iko inje ya plan ya mji."

"Lakini kodi yangu iko ndani ya plan?"

Alicheka. "Hamisha tu kaburi."

Mama yangu alikimbia vita mara mbili akiwa hai. Sitamkimbiza mara ya tatu.

Nikapanda mlimani kwa hasira. Nyumba ya karibu zaidi ni ya mama mmoja aliyekimbia kutoka Mutwanga, anauza makala, mkaa wa kupikia, mlangoni. Nilimwambia maji ya bati lake yanamchimbua mama yangu.

"Papa, ile maji hapana yangu. Inapita tu kwangu. Huku juu kuko nyumba kumi, na zote zinapitia hapa."

"Basi chimba shimo la maji."

"Wapi? Chini ya kitanda?" Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Weye uliniuzishia parsele. Njia ya maji uliuzisha kwa nani?"

Niligeuka kushuka. Lakini nilijua ni nani. Katikati ya mlima palikuwa na kibonde ambako maji yalipita tangu zamani, na kibonde hicho nilimuuzia msafirishaji mmoja wa Beni, Mwislamu tunayemwita Hadji, kwa dola mia nane. Hakujenga nyumba. Alijenga ukuta wa matofali, akangoja bei ipande. Ukuta ule ndio uliyageuza maji kuelekea kwa mama.

Kila kipande nilichouza kiligongewa muhuri pale bureau. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mvua itapita wapi. Mimi pia sikuuliza. Lakini mimi niliacha shule darasa la tano, wao walisoma.

Hadji alinikaribisha kwenye depo yake, akanimiminia chai.

"Hadji, nirudishie ile parsele."

"Ile uliyosema siku moja nitakushukuru?"

"Ile."

"Basi, ninakushukuru. Elfu ine."

"Nilikuuzia mia munane."

"Bei ya udongo inapanda. Ni weye ulinifundisha, na siku ile hata chai hukunipa."

Nilimwambia ni kwa ajili ya kaburi la mama. Akaweka kikombe chini, akasema Mungu amrehemu.

"Kwa ajili ya mama nimekwisha kutosha mia mbili kwenye bei. Bila yeye ingekuwa elfu ine na mia mbili. Na matofali yangu utalipa."

Nililipa. Ukuta niliuvunja mwenyewe, nyundo ya kwanza ilikuwa yangu, na watu wa mlima mzima walisimama kutazama tajiri akibomoa. Yule mama wa makala alileta koleo, akachimba nami hadi mchana. Tulipanga mawe hadi chini mtoni. Mvua iliyofuata ilipita pale, mbali na migomba, na zile hatua saba bado ni saba.

Kibonde, matofali ya Hadji, mawe, wachimbaji, na muhuri mpya, kwa sababu hata kuyarudisha maji kwenye njia yake kunataka muhuri: dola elfu sita mia mbili thelathini na saba. Hesabu hiyo, kwa kitu nilichouza mia nane, ndiyo iliyonishangaza.